Kusomea Shahada ya Kwanza India: Mwongozo kwa Wanafunzi wa Lamu na Wazazi Wao

Mwanafunzi wa Lamu anayetaka kwenda kusoma India na aanze kwa kuifikiria siku ya kurudi. Siku hiyo atakuwa na cheti mkononi, na cheti hicho kitakaguliwa na watu wasiomjua yeye wala waliomzaa. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya Kenya, ambayo hutambua na kulinganisha shahada za nje, itataka kujua ni chuo kikuu gani kilichoitoa na kwa mamlaka gani. Aliyesomea udaktari, uuguzi, famasia au uhandisi atahitaji pia kusajiliwa na bodi ya taaluma yake kabla ya kushika kazi. Kwa hiyo kila uamuzi wa leo, tangu kuchagua kozi hadi kulipa karo ya kwanza, upimwe kwa swali moja: je, jambo hili litakubalika siku ile?

Nasema hivi kwa sababu kila Januari, matokeo ya KCSE yakishatoka, wazazi hunijia nyumbani au hunikuta barazani baada ya alasiri, na karibu wote huanza na maswali mengine. Huuliza karo ni kiasi gani, ni mji upi wenye wanafunzi wengi kutoka pwani, na chakula halali hupatikana wapi. Ni maswali ya haki na yote yana majibu, lakini si ya kwanza. Mama mmoja alinijia na barua ya kukubaliwa iliyopigwa muhuri wa rangi ya dhahabu, akaniambia, "Mwalimu, mtoto ashapata, tumebakisha kutuma pesa tu." Niliisoma barua ile mara mbili. Ilikuwa na jina la chuo, picha ya jengo la ghorofa nne, namba ya akaunti ya benki na tarehe ya mwisho ya kulipa, ila hapakuwa na mstari hata mmoja uliotaja chuo kikuu kitakachotoa shahada. Tulikwenda saiba, tukaandika barua pepe kuuliza, na jibu lilipokuja lilisema kwamba mazungumzo ya kukiunganisha chuo hicho na chuo kikuu bado yanaendelea. Pesa hazikutumwa, na ninamshukuru Mungu kwamba mama yule alipita kwangu kabla ya kupita benki.

Jina litakaloandikwa juu ya cheti

Ili kuelewa kosa lililokuwa katika barua ile, ni lazima kwanza kuelewa jinsi elimu ya juu ya India ilivyopangwa, maana haifanani na yetu. Hapa kwetu mwanafunzi akisema yuko chuo kikuu, huwa yuko katika chuo kilekile kitakachompa shahada. Kule, wanafunzi walio wengi wa shahada ya kwanza husoma katika vyuo vidogo vilivyoshirikishwa na chuo kikuu kimoja kikubwa. Chuo kidogo kina majengo, walimu, maktaba na hosteli, lakini shahada hutolewa na chuo kikuu chenyewe, ambacho mara nyingi ndicho pia kinachoweka mtaala na kutunga mitihani. Anayesoma Miranda House au St. Stephen's College mjini Delhi, kwa mfano, hupata shahada ya University of Delhi. Vipo pia vyuo vilivyopewa uhuru wa kujipangia mtaala na mitihani yao, na hata hivyo jina la chuo kikuu hubaki juu ya cheti.

Mamlaka ya kutoa shahada yamewekewa mipaka na sheria ya mwaka 1956 iliyounda Tume ya Ruzuku za Vyuo Vikuu, ambayo Wahindi wote huiita UGC. Wanaoruhusiwa ni vyuo vikuu vilivyoundwa kwa sheria ya bunge la taifa au la jimbo, taasisi ambazo serikali kuu imezipa hadhi ya kuhesabiwa kuwa vyuo vikuu, na taasisi zilizopewa uwezo huo na bunge la taifa, kama zile za teknolojia zinazojulikana kwa herufi IIT. Katika kundi la kwanza mna vyuo vya serikali kuu, vya majimbo, na vya watu binafsi vilivyoundwa kwa sheria ya jimbo. Kuwa cha binafsi si kasoro, na kuwa cha serikali hakukihakikishii chuo ubora. Linalotakiwa ni kwamba jina lake lionekane katika orodha ya UGC, na lisionekane katika orodha ya pili ambayo UGC hiyohiyo huitoa, ya vyuo vikuu bandia. Orodha zote mbili zipo wazi katika tovuti yake, na kuzisoma ni kazi ya nusu saa.

Kozi za taaluma zina mlinzi wa pili. Udaktari huangaliwa na Tume ya Taifa ya Tiba, iliyochukua nafasi ya baraza la zamani mwaka 2020. Uhandisi uko chini ya Baraza la Elimu ya Ufundi la India Nzima, linaloitwa AICTE, na uuguzi, famasia, sheria na usanifu majengo vina mabaraza yao. Chuo kikuu kinaweza kuwa halali kabisa ilhali kozi moja ndani yake haijaidhinishwa na baraza linalohusika, kwa hiyo ulizia kozi kwa jina lake, usitosheke na jina la chuo. Ukimaliza huko, geukia upande wa nyumbani: iandikie bodi ya Kenya ya taaluma hiyo, uitajie chuo na kozi, uulize kama wahitimu wake husajiliwa na kwa masharti gani. Jibu lao liweke. Litakufaa kuliko ahadi yoyote ya wakala.

Kuhusu ubora, kuna chombo cha ithibati kiitwacho NAAC, kilichoanzishwa mwaka 1994, ambacho kwa miaka mingi kimekuwa kikivipa vyuo madaraja, A++ ikiwa ya juu kabisa, na kuna orodha ya serikali iitwayo NIRF inayotolewa tangu mwaka 2016. Mimi huvitumia vyote viwili kwa kuchuja tu. Baada ya hapo ninamtaka mwanafunzi azungumze na Wakenya wawili au watatu wanaosoma palepale, si wale waliopendekezwa na wakala, na awaulize mambo madogo: je, walimu huja darasani, maabara ina vifaa, matokeo hutoka kwa wakati, na hosteli ina maji?

Masomo uliyoyafanya na mlango unaofunguliwa

Mwanafunzi wa Kihindi husoma miaka 12 kabla ya chuo kikuu, kumi ya kwanza na miwili ya juu. Aliyepitia mfumo wetu wa 8-4-4 naye ana miaka 12, na hapo ndipo KCSE inapopata nafasi ya kulinganishwa na cheti chao cha darasa la kumi na mbili. Walio katika mfumo mpya, ambao kundi lao la kwanza litamaliza sekondari ya juu mwaka 2028, watakuwa na hesabu ileile: miaka sita ya msingi, mitatu ya sekondari ya chini na mitatu ya sekondari ya juu. Vyuo vingi humtaka mwombaji wa kigeni apate barua ya ulinganisho kutoka Jumuiya ya Vyuo Vikuu vya India, AIU. Uliza mapema kama chuo chako kinaitaka, maana huchukua muda.

India husoma matokeo kwa asilimia, na KCSE hutoa herufi na pointi, 84 zikiwa za juu kabisa kwa masomo saba. Fomu ya maombi ikikutaka uandike asilimia, usijitungie. Kiulize chuo kinavyobadilisha herufi zetu, uandike kama walivyokujibu, na uambatanishe karatasi yenyewe ya matokeo. Nimewahi kuona fomu ambayo C+ iligeuzwa kuwa asilimia 78 kwa sababu jamaa mmoja saiba alisema ndivyo inavyofanywa. Fomu ya namna hiyo ikilinganishwa na uthibitisho kutoka Baraza la Mitihani la Kenya, anayeonekana mdanganyifu ni mtoto, wala si yule jamaa. Uthibitisho huo chuo kinaweza kuutaka utumwe moja kwa moja, na baraza lina mfumo wa mtandaoni wa kuuomba.

Jambo linalonisikitisha kuliko yote ni somo la fizikia. Uhandisi kule hauingiliki bila fizikia na hisabati, nao udaktari na uuguzi hutaka fizikia, kemia, baiolojia na Kiingereza kwa pamoja. Watoto wetu wa 8-4-4 walichagua masomo mwishoni mwa kidato cha pili, na wengi walitupa fizikia kwa sababu mwalimu wake alihama au maabara haina vifaa, bila mtu wa kuwaambia kwamba wamejifungia milango mitatu kwa mkupuo mmoja. Nimekaa na kijana mwenye B+ ya jumla, mwerevu, aliyelelewa katika nyumba ya fundi wa mashine za boti, anayezijua injini kwa kuzisikiliza tu, nikalazimika kumwambia kwamba shahada ya uhandisi haitawezekana kwa karatasi aliyonayo. Ewe uliye katika ngazi ya kuchagua mkondo chini ya mfumo mpya, au uliye mzazi wake, uamuzi wa India unaanzia hapo ulipo, miaka kadhaa kabla ya pasipoti.

Mitihani ya kuingilia huwatia watu hofu bila sababu. Tangu mwaka 2022 vyuo vikuu vya serikali kuu hutumia mtihani mmoja uitwao CUET kwa wanafunzi wa India, lakini wageni kwa kawaida huingia kwa nafasi za ziada ambazo hazipunguzi zile za wenyeji. Mwaka huohuo UGC iliruhusu nafasi hizo zifike asilimia 25. Kila chuo hueleza jinsi kinavyozijaza, na vingi hutazama matokeo ya sekondari peke yake. Taasisi za IIT ni jambo jingine, kwani huko mtihani wao ni mgumu hata kwa Wahindi wanaojiandaa kwa miaka miwili.

Udaktari una sharti lisilo na mlango wa nyuma. Shahada ya MBBS huingiwa kwa mtihani wa NEET, na raia wa kigeni hawakusamehewa. Masomo yenyewe ni miaka minne na nusu darasani na hospitalini, kisha mwaka mmoja wa mafunzo ya vitendo. Akirudi, mhitimu atakutana na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya, lenye mtihani wake kwa waliosomea nje. Wakala akikuambia kwamba anaweza kukupatia nafasi ya MBBS bila NEET, muage kwa heshima na usirudi kwake.

Jinsi shahada yenyewe ilivyojengwa

Shahada za sanaa, sayansi, biashara na kompyuta zilikuwa za miaka mitatu kwa muda mrefu, na nyingi bado hutolewa kwa miaka hiyo. Uhandisi na famasia ni miaka minne, usanifu majengo mitano, na sheria ni miaka mitano ikiunganishwa na shahada nyingine, au mitatu kwa aliyekwisha kuwa na shahada ya kwanza. Sera ya elimu ya taifa ya mwaka 2020 ilibadilisha mpangilio huu kwa upande wa sanaa, sayansi na biashara, na mwezi wa Desemba mwaka 2022 UGC ikatoa mfumo wa masomo na krediti ambao vyuo vimekuwa vikiuingia kimoja baada ya kingine.

Krediti ndiyo kipimo cha kila kitu kule, na anayekwenda bila kuielewa hupotea mwaka wa kwanza. Krediti moja ni saa 15 za mihadhara katika muhula, au saa 30 za kazi ya maabara. Somo la krediti nne lenye mihadhara mitupu ni saa 60, takriban saa nne kwa wiki. Katika mfumo wa 2022, mwanafunzi anahitaji angalau krediti 120 kwa shahada ya miaka mitatu na 160 kwa ile ya miaka minne, ambayo ni sawa na krediti 20 kwa kila muhula. Ndani yake mna somo kuu, somo dogo la pili, masomo ya fani nyingine, lugha, stadi za kazi, masomo ya maadili na mazingira, na mafunzo ya vitendo kazini. Mwanafunzi wa biashara asishangae akijikuta katika darasa la sayansi ya mazingira. Ndivyo ilivyokusudiwa, na krediti zake huhesabiwa kama nyingine.

Mfumo huu unamruhusu mwanafunzi kutoka njiani. Akiwa na krediti 40 baada ya mwaka mmoja hupewa astashahada, akiwa na 80 baada ya miwili hupewa stashahada, mradi kila mara aongeze kozi fupi ya ufundi ya krediti nne, na anaweza kurudi baadaye kuendelea pale alipoachia. Kwa Mhindi ni rehema kubwa, maana maisha yakimlemea hapotezi yote. Kwa mtoto wetu, ninawaomba wazazi waelewe kwamba vyeti hivyo viwili si shahada, na kwamba kuondoka na kurudi maana yake ni viza nyingine na nauli nyingine. Panga fedha za kufika mwisho.

Je, uchague miaka mitatu au minne? Wa miaka minne huondoka na shahada iitwayo Honours, na aliyepata asilimia 75 au zaidi katika mihula sita ya kwanza anaweza kuomba kuutumia mwaka wa nne kwa utafiti. Shahada ya uzamili baada ya miaka minne inaweza kuwa ya mwaka mmoja huko India, ilhali wa mitatu huhitaji miwili. Ushauri wangu ni kwamba anayeweza kulipa mwaka wa nne aulipe, kwa sababu shahada nyingi za Kenya ni za miaka minne, na mtu hukwepa maelezo marefu kwa waajiri anapokuwa na miaka inayolingana na ya wenzake. Asiyeweza na asione haya kwa mitatu, lakini kabla ya kuondoka aiulize Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu itakavyolinganishwa.

Alama hutolewa kwa ngazi kumi. Daraja la juu ni O lenye pointi 10, kisha A+ yenye 9, A yenye 8, na kuendelea hadi P yenye 4, ambayo ni kufaulu kwa shida. Wastani wa muhula mmoja huitwa SGPA na wa mihula yote CGPA. Sehemu ya alama hutokana na majaribio na kazi za darasani, iliyobaki hutokana na mtihani wa mwisho wa muhula. Vyuo vingi hutaka mahudhurio ya asilimia 75, na asiyefikisha huzuiwa kufanya mtihani hata kama amelipa kila kitu. Somo lililoanguka hurudiwa katika muhula mwingine, wakati masomo mapya yanaendelea, kwa hiyo mawili yakirundikana hugeuka mzigo unaokokotwa hadi mwaka wa mwisho. Ukiona umeanguka, lipia marudio mara ya kwanza yanapofunguliwa.

Fedha, na maana ya laki

Hapa Mswahili ana faida ndogo ya urithi. Wahindi huhesabu kwa laki, laki ileile tunayoitumia sisi, mia moja elfu, na huweka alama za mkato kwa namna yao: 1,50,000 ni laki moja na nusu, si milioni na nusu kama macho yanavyotaka kusoma. Juu ya laki kuna krore, ambayo ni laki mia moja. Nimewaona watu wazima wakikimbia kozi nzuri kwa kuisoma vibaya mikato hiyo, na wengine wakishangilia bei rahisi kumbe ilikuwa ya muhula mmoja tu.

Ukipewa karatasi ya karo, uliza kama ni ya mwaka au ya muhula, kama ni ya rupia au ya dola, na kama ni kiwango cha wageni, ambacho mara nyingi huwa juu ya cha wenyeji. Uliza ada ya usajili, ya mitihani, ya maabara, dhamana inayorudishwa, na kama hosteli inajumuisha chakula. Zidisha kwa miaka yote, ongeza nauli, kisha ongeza tena kidogo, kwa sababu karo hupanda na shilingi hushuka. Viza ya mwanafunzi hairuhusu kuajiriwa, kwa hiyo yule anayesema mtoto atajilipia kwa kufanya kazi jioni hasemi kweli. Pesa zilipwe kwa akaunti yenye jina la chuo, kupitia benki, na stakabadhi ihifadhiwe.

Ufadhili upo. Baraza la Uhusiano wa Kitamaduni la India, ICCR, lililoanzishwa mwaka 1950, hutoa nafasi kwa Waafrika kila mwaka kupitia tovuti yake, na maombi hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka. Mwombaji huchagua vyuo kadhaa kwa mpangilio wa matakwa yake na huandika insha ya Kiingereza. Udaktari haumo katika ufadhili huu. Awe ametimiza miaka 18, jambo linalowakwamisha baadhi ya wanaomaliza sekondari wakiwa wadogo. Insha hiyo iandikwe na mwanafunzi mwenyewe. Ninajua ndugu wanapenda kusaidia, ila msomaji wake huijua sauti ya mtu mzima katika mstari wa pili. Kwa maswali, ubalozi mdogo wa India uko Mombasa, na safari ya kwenda Mokowe kwa boti na kisha basi hadi Mombasa ni nafuu kuliko ada ya wakala yeyote.

Kuna njia nyingine iliyo karibu zaidi na pwani yetu, na ninashangaa ni wachache kiasi gani wanaoijua. Mwaka 2023 IIT Madras ilifungua kampasi Zanzibar, inayotoa shahada ya miaka minne ya sayansi ya data na akili mnemba. Mwenye hisabati imara anaweza kupata shahada ya taasisi kubwa ya India bila kuvuka bahari nzima.

Jina moja katika karatasi zote

Kazi ya stakabadhi ni ndogo ila ina mtego mmoja unaowanasa watu wa Lamu zaidi ya wengine, nao ni majina. Kuna mwanafunzi wangu ambaye cheti cha kuzaliwa kilimwita Athman Mohamed, karatasi ya KCSE ikamwita Athumani Muhammad, na pasipoti ikaongeza jina la babu kama jina la ukoo. Sisi sote tulijua ni mtu mmoja. Mfumo wa chuo haukujua, na barua ya kukubaliwa ilipotoka kwa jina la KCSE ilhali pasipoti ina jingine, ombi la viza lilirudishwa. Tulipata hati ya kiapo kwa wakili, chuo kikaandika barua upya, na akafika wiki tano baada ya wenzake kuanza. Weka cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, KCSE na pasipoti juu ya meza moja, ulinganishe herufi kwa herufi. Tofauti ikionekana, irekebishe kabla ya kuomba chochote.

Pasipoti na cheti cha tabia njema huombwa kupitia eCitizen, kisha hufuata alama za vidole. Chanjo ya homa ya manjano ipigwe mapema, angalau siku kumi kabla ya kuwasili, na kadi yake ibebwe mkononi, isiwekwe kwenye begi la chini ya ndege. Anayetoka Kenya bila kadi hiyo anaweza kutengwa kwa siku hadi sita. Viza huombwa baada ya barua ya kukubaliwa na uthibitisho wa fedha. Masomo kule huanza Julai au Agosti, kwa hiyo kati ya matokeo ya Januari na safari kuna miezi sita hivi, ambayo huonekana mingi mpaka uihesabu: Februari kuchagua na kuhakiki vyuo, Machi na Aprili maombi na ulinganisho, Mei majibu, Juni viza.

Akifika, aliye na viza ya zaidi ya siku 180 ajisajili kwa ofisi ya wageni, FRRO, ndani ya siku 14. Hufanywa mtandaoni, na chuo humpa barua ya kuthibitisha kwamba ni mwanafunzi wake pamoja na ushahidi wa makazi. Asingoje kuzoea mji kwanza. Akionewa na wanafunzi wakubwa kwa jina la kuwakaribisha wageni, ajue kwamba kanuni za UGC za mwaka 2009 zinapiga marufuku mambo hayo na kuna simu ya taifa ya kuripoti bila malipo, 1800-180-5522. Masomo ni kwa Kiingereza, lakini dukani atasikia Kimarathi akiwa Pune, Kikannada akiwa Bengaluru, Kitelugu na Kiurdu akiwa Hyderabad. Atakaposikia watu wanasema kitab, kursi na duniya, moyo utatulia kidogo.

Kila muhula ukiisha, achukue karatasi ya matokeo na kutuma nakala yake nyumbani. Baada ya mtihani wa mwisho cheti chenyewe huchelewa, na mhitimu hupewa kwanza cha muda. Asipande ndege kabla ya kuwa na karatasi za mihula yote, cheti cha muda, na nakala za matokeo zilizofungwa kwa muhuri wa chuo kikuu katika bahasha mbili, moja ya Tume na nyingine ya bodi ya taaluma. Bahasha hizo asizifungue mwenyewe; zikifika zimefunguliwa hazipokelewi, na kuziomba tena kutoka Lamu huchukua miezi.